Amefokewa Vizuri, Lakini Kajibu Nini?

Ujiji kuna baraza la kahawa ninalopitia jioni nikitoka kazini. Wazee wamekaa mkekani, birika liko juu ya mkaa, kashata ziko kwenye sahani ya bati. Siku hizi kila baraza lina kijana mwenye simu na bando, na yeye ndiye redio ya wote. Juzi kijana wetu alituwekea video ya mbunge wa Marekani akimfokea ofisa wa serikali kuhusu fedha zilizotolewa kuokoa mabenki. Ni video ya zamani, ya miaka ile ya msukosuko wa fedha duniani, ila moto wake haujapoa. Mbunge ananyoosha kidole, anapaza sauti, anamkatiza mwenzake kila akifungua mdomo. Kijana anatutafsiria kipande kipande. Baraza likachangamka. "Kamshika pabaya huyo!" Mwingine akasema laiti tungekuwa na kumi wa namna hiyo Dodoma.

Mzee mmoja, mvuvi mstaafu wa Kibirizi, alikuwa kimya muda wote. Akaweka kikombe chini, akauliza: "Kajibu nini?"

Kijana akairudisha video nyuma, tukasikiliza upya. Jibu halikuwepo, maana nafasi ya kujibu haikutolewa. Na tulipotega sikio vizuri, hata swali lilikuwa gumu kulipata. Ilikuwa hotuba ya dakika kadhaa, mwishoni imetiwa alama ya kuuliza.

Nimelibeba swali la yule mzee tangu siku hiyo, kwa sababu naona linagusa ugonjwa ambao tumeuzoea hadi tunaushangilia. Mwanasiasa akimkalia kooni mtumishi mbele ya watu, tunahesabu kwamba kazi imefanyika. Naandika kupinga hesabu hiyo. Wala sidai wabunge wawe wapole. Fedha ya umma ikipotea, mtu aliyeishika abanwe mpaka aseme. Ninachokiona ni kwamba kufoka mara nyingi ndiko kunakompa upenyo wa kutosema.

Hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Septemba 15, 2008 benki ya Lehman Brothers ilifilisika. Kesho yake benki kuu ya Marekani ikaikopesha kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85 ili nayo isizame. Muda si muda serikali ikapeleka bungeni ombi la dola bilioni 700 za kunusuru mabenki. Septemba 29 Baraza la Wawakilishi likalikataa, na siku hiyo hiyo kipimo cha soko la hisa cha Dow Jones kikaporomoka pointi 777. Oktoba 3 wakalipitisha, kura 263 kwa 171. Wakati huo watu walikuwa wananyang'anywa nyumba kwa kushindwa marejesho, wanapoteza kazi, na papo hapo kodi yao inakwenda kuwanyanyua walioleta balaa. Mkulima wa tumbaku wa Urambo analielewa jambo hili bila kufundishwa. Yeye akishindwa mkopo wa pembejeo, makato yanamsubiri kwenye mauzo, na wapo waliolipia deni la mwenzao kwa sababu tu wako chama kimoja cha msingi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yeye ni mkubwa mno kuachwa aanguke.

Kwa hiyo Machi 2009, ilipojulikana kwamba AIG, iliyokwisha kutengewa zaidi ya dola bilioni 170 za umma, imelipa bonasi za dola milioni 165 kwa watu wa kitengo kile kile kilichoizamisha, nchi nzima iliwaka. Machi 18 mkuu wa kampuni, Edward Liddy, akaketi mbele ya kamati ya Bunge, akakaangwa kwa saa kadhaa.

Liddy hakuwa aliyeizamisha AIG. Aliletwa na serikali Septemba 2008, shimo likiwa limekwisha kuchimbwa, kwa mshahara wa dola moja kwa mwaka. Mikataba ya bonasi ilitiwa saini kabla yake. Kamati ilimdai majina ya waliolipwa. Akasita kuyatoa bila kuhakikishiwa kwamba yatatunzwa siri, akasoma mbele yao baadhi ya vitisho vya kuuawa ambavyo watu wake walikuwa wamepokea. Kesho yake Baraza likapiga kura 328 kwa 93 kuzitoza bonasi za namna hiyo kodi ya asilimia 90. Muswada ule haukuwa sheria kamwe, ulikwama Seneti.

Kuna jambo ambalo wengi walioshangilia hawakulijua. Mwezi mmoja tu kabla ya kikao kile, Februari 17, 2009, Rais Obama alitia saini sheria ya kuchochea uchumi iliyotoka katika Bunge hilo hilo. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha kubana bonasi katika kampuni zilizookolewa, na kifungu hicho kiliziacha huru bonasi ambazo mikataba yake ilikuwapo kufikia Februari 11. Yaani Bunge lenyewe liliacha mlango wazi, kisha likamfokea mtu aliyepita mlangoni. Hapo ndipo ninapoanza kuitilia shaka sauti ya juu. Mbunge aliyepiga kura ya ndiyo Oktoba 3, akapitisha sheria yenye tundu Februari, atasimamaje mbele ya wapiga kura wake Machi? Anasimama upande wao, anafoka pamoja nao, na hakuna anayekumbuka kumuuliza yeye.

Sasa shika kalamu. Milioni 165 katika bilioni 170: katika kila shilingi elfu moja, bonasi hazifiki hata shilingi moja. Zile 999 zilikwenda wapi? Majibu yalikuwa mezani. Siku tatu kabla ya Liddy kuhojiwa, AIG ilitoa orodha ya mabenki yaliyolipwa. Goldman Sachs ilipata dola bilioni 12.9, Société Générale ya Ufaransa bilioni 11.9, Deutsche Bank ya Ujerumani bilioni 11.8. Kwenye mikataba ya bima ya mikopo ambayo mabenki yaliikata kwa AIG, wadai walilipwa thamani kamili, senti 100 kwa kila dola, wakati kampuni inayodaiwa ilikuwa maiti inayopumulia mashine. Mfanyabiashara yeyote wa soko la Mwanga anajua kwamba mdaiwa akifilisika, wadai hukaa chini wakakubaliana kila mmoja apungukiwe kidogo. Kwa nini hawa hawakupungukiwa? Hilo ndilo lilikuwa swali la kukesha nalo, lakini bonasi ndizo zilizokula kikao.

Aliyelifukua ni mkaguzi maalumu wa fedha za uokoaji, Neil Barofsky, kwa ripoti ya Novemba 2009. Alionyesha kwamba tawi la New York la benki kuu ya Marekani lilijaribu kuyaomba mabenki yapunguze, na ni moja tu, UBS ya Uswisi, iliyosema iko tayari kuacha asilimia 2, kwa sharti kwamba wengine nao waache kiasi hicho. Wengine wakagoma, mazungumzo yakaishia hapo. Ripoti ile haikupiga meza. Januari 27, 2010 ndipo Timothy Geithner, aliyekuwa mkuu wa tawi hilo la New York mwaka 2008 na wakati huo Waziri wa Fedha, akaitwa kuhojiwa juu ya malipo hayo. Alirushiwa maneno makali, pamoja na kutakiwa ajiuzulu. Alibaki wizarani hadi Januari 2013.

Utaratibu wenyewe unachangia. Kwa kanuni za Baraza la Wawakilishi, kila mjumbe wa kamati hupewa dakika tano za kumhoji shahidi, na Kamati ya Huduma za Fedha wakati ule ilikuwa na wajumbe wapatao 70. Hebu jiweke kwenye kiti cha shahidi mjanja. Unashukuru kwa swali, unaeleza historia, unaomba ufafanuzi, dakika zimekwisha, anakuja mwingine na jambo jingine kabisa. Mjumbe naye analijua hilo. Akishaona hatapata jibu, anatafuta kipande cha sekunde 30 kitakachorushwa kwenye taarifa ya habari jimboni. Wote wawili wanaondoka na walichokijia.

Marekani hiyo hiyo iliwahi kufanya vizuri kuliko hivyo. Baada ya soko la hisa kuanguka 1929 na mabenki kufungwa kwa maelfu, Kamati ya Benki ya Seneti ilimwajiri Januari 1933 mwanasheria aliyeitwa Ferdinand Pecora, mzaliwa wa Sicily aliyekulia New York, kwa mshahara wa dola 255 kwa mwezi. Hakuwa mbunge, hivyo hakuwa na jimbo la kulifurahisha. Aliagiza nyaraka za mabenki kwanza, akazisoma, ndipo akaita watu. Februari alimweka kitini Charles Mitchell, mwenyekiti wa National City Bank, mmoja wa wakubwa wa fedha wa zama zake. Maswali ya Pecora yalikuwa mafupi, moja linazaa jingine, na hakuna wa kumwambia muda wako umekwisha. Mitchell akajikuta anakiri kwa mdomo wake kwamba mwaka 1929 alimuuzia mkewe hisa kwa hasara ili asilipe kodi ya mapato. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amejiuzulu. Kutokana na vikao vile zikaja sheria ya 1933 ya kutenganisha benki za amana na biashara ya hisa, na mwaka 1934 ikaundwa tume ya kusimamia masoko ya mitaji, ambayo Pecora mwenyewe alikuwa mmoja wa makamishna wake wa kwanza.

Alikuwa mkali kuliko wote waliomfokea Liddy. Ukali wake ulikuwa kwenye karatasi alizokuwa amezisoma usiku.

Hata Uingereza, Februari 10, 2009, wakuu wa zamani wa benki za RBS na HBOS zilizookolewa walipoitwa mbele ya kamati ya Bunge, moja ya mambo yaliyowavua nguo ni swali ambalo mtoto wa sekondari angeweza kuuliza: una sifa gani za kitaaluma za kibenki? Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na cheti cha fani hiyo. Swali kama hilo halihitaji ngumi mezani.

Nirudi nyumbani, maana huku ndiko linakoniuma. Nimewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara katika wilaya moja ya mkoa huu wa Kigoma, sitaitaja, kuhusu chama cha akiba na mikopo ambacho fedha za wanachama wake zilikuwa hazionekani. Jua lilikuwa kali, watu wamejaa, akina mama wameshika vitabu vyao vya akiba. Kiongozi akamwita ofisa mmoja mbele. "Vua kofia! Fedha za wananchi ziko wapi?" Ofisa akaanza: "Mheshimiwa, mimi nimehamia hapa miezi minne iliyo..." Hakumaliza. "Mimi nakuuliza, wewe unanijibu?" Uwanja ukalipuka kwa makofi. Ofisa akapandishwa kwenye gari la polisi. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, ili kuzuia uvunjifu wa amani. Haikutungwa kwa ajili ya mtu aliyejaribu kujibu swali.

Siku mbili baadaye ofisa alitoka. Yule aliyekuwapo kabla yake, ambaye saini yake iko kwenye hati za malipo, hakuitwa uwanjani. Mama mmoja muuza dagaa, aliyekuwa amesimama mbele yangu siku ile akipiga vigelegele, nilikutana naye miezi kadhaa baadaye. Kitabu chake bado kilikuwa na salio lile lile, na hakuna wa kumlipa. Alikuwa ameshangilia fedha yake ikizikwa, na sikuwa na moyo wa kumwambia hivyo.

Watu wa Kigoma tuna mfano wetu mwingine wa kujivunia. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali iliwasilisha bungeni ripoti ya akaunti ya Tegeta Escrow, ile ya shilingi zaidi ya bilioni 300 zilizotoka Benki Kuu. Mwenyekiti alikuwa Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, na makamu wake marehemu Deo Filikunjombe wa Ludewa. Mtu anaweza kutokubaliana na siasa za Zitto, na wapo wengi hata hapa Ujiji, lakini nguvu ya siku zile ilitoka kwenye kazi ya Mkaguzi Mkuu na uchunguzi wa TAKUKURU uliowekwa mbele ya kamati. Kulikuwa na majina, tarehe, akaunti, viwango. Makelele yalikuwepo pia, tena mengi, na mjadala ukaenda hadi usiku. Ila ukiyaondoa makelele yote, ripoti inabaki imesimama. Desemba Mwanasheria Mkuu akajiuzulu na waziri mmoja akaondolewa; Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini naye akajiuzulu. Kama tungeyaondoa makelele kwenye ule mkutano wa hadhara nilioueleza, pangebaki nini?

Na ukali unaweza kugeuziwa upande usiofaa kabisa. Januari 2019 Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, aliitwa mbele ya Kamati ya Maadili kwa sababu alisema katika mahojiano na redio ya Umoja wa Mataifa kwamba kutofanyiwa kazi ripoti zake ni udhaifu wa Bunge. Aprili 2 mwaka huo Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba hakuendelea na kiti chake, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba. Nalitaja kwa uchungu. Bunge lina wajumbe wengi na saa chache. Macho yake ni mkaguzi. Ukimkemea anayekuletea karatasi, kesho utaingia kikaoni na sauti tu.

Najua watakaosema: basi tuzime kamera, wabunge watatulia. Tuliwahi. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge. Sikuona maswali yakinoleka kwa sababu hiyo. Nilichoona ni kwamba wazee wa baraza letu, waliokuwa wakifuatilia bajeti kuliko mpira, walibaki na vipande vilivyochaguliwa na wengine, na kipande kinachochaguliwa siku zote ni kile cha kufoka. Kamera ikikaa kikao kizima ndipo mzee wa Kibirizi anapata kusikia kama kumejibiwa kitu.

Jumapili moja nilialikwa kwenye kikoba cha akina mama kule Gungu. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu liko katikati, funguo kwa watu watatu tofauti, kaunta buku limefunguliwa. Bibi mmoja akamwambia mweka hazina, "Mwanangu, hapa pa faini umeandika elfu nane. Wiki ile walichelewa wangapi?"

"Watano, bibi."

"Faini ya mmoja?"

"Elfu mbili."

Bibi akanyamaza. Hakuongeza neno, hakumwita mwizi. Wenzake wote walikuwa wanalitazama daftari. Mweka hazina akapiga hesabu kwa vidole, akaomba radhi, akatoa noti ya elfu mbili kwenye khanga yake, na kikao kikaendelea na hisa.

Sisi nasi tumewahi kuokoa mabenki, ingawa hatukuliita jambo hilo hivyo. NBC, Benki ya Taifa ya Biashara, ilipoelemewa na mikopo isiyolipika ya mashirika ya umma na vyama vikuu vya ushirika, mwaka 1991 uliundwa mfuko wa kufuatilia madeni yale, mzigo ukaishia kwa serikali, 1997 benki ikagawanywa na NMB ikazaliwa, na mwaka 2000 hisa nyingi za NBC iliyobaki zikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini kwa shilingi bilioni 15. Oktoba 2016 Benki Kuu ikaishika Twiga Bancorp, baadaye ikaunganishwa na Benki ya Posta. Januari 4, 2018 ikazifutia leseni benki tano kwa mara moja: Covenant, Efatha, Njombe, Meru na ile ya wakulima wa Kagera. Bima ya amana wakati huo iliishia shilingi milioni 1.5 kwa mtu. Aliyeweka zaidi alibaki kusubiri ufilisi. Agosti mwaka huo huo ikaja zamu ya Bank M, ambayo mali na madeni yake vilihamishiwa Azania, benki ambayo wanahisa wake wakubwa ni mifuko ya hifadhi ya jamii. Mwalimu wa Kasulu anayekatwa pensheni kila mwezi amo humo, hata kama hajawahi kuliona tawi la Azania.

Kwa hiyo wabunge wetu wa Kigoma na Tabora watakapokaa tena kwenye kamati na watu wa Benki Kuu na Hazina wako mbele yao, ningewaomba waanze na benki moja tu kati ya hizo na wasiiache. Mikopo mitano mikubwa iliyoshindikana alipewa nani, na saini ya nani iko chini yake? Mkaguzi wa nje alizipitisha hesabu za mwisho tarehe ngapi, na msimamizi wa mabenki alianza kuona nyufa mwezi gani? Kati ya tarehe hizo mbili, nani alitoa fedha zake akaondoka? Mali zilizouzwa zimeleta shilingi ngapi, na yule aliyekuwa na akiba juu ya milioni 1.5 amerudishiwa kiasi gani katika kila shilingi mia? Ofisa akisema hana takwimu hizo leo, mbunge amuulize atazileta siku gani, aiandike tarehe hiyo kwenye kumbukumbu za kikao, na siku hiyo ikifika awe wa kwanza kuketi.